Akamwani Chini ya Godoro la Kemi

Koku mwanangu,

Pole na shughuli. Huko Rubya hadi hapa Bukoba ni mbali kama Ulaya, ndiyo maana tangu binti yako Kemi aanze chuo hujakanyaga huku, mpaka nimekuja mimi na magoti yangu. Anayeniandikia ni Rehema, mwenziwe wa chumba, maana Kemi angekuficha mambo.

Nilimkuta amefunga begi. "Bibi, twende nyumbani. Hapa sina mtu." Wasichana watatu chumbani, eti hana mtu! Na akamwani niliyompa, kahawa yetu ya kumkaribishia mgeni, kaificha chini ya godoro kwa aibu.

Nikaitoa, nikawakaribisha wenzake mwenyewe, punje mbili kila kiganja. Wakashukuru sana, wakawasha birika la umeme, wakazichemsha! Wasomi wetu hao. Kemi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akawafundisha kutafuna. Rehema anatafuna sasa hivi huku akiandika.

Begi limefunguliwa. Nakupenda hivyohivyo na uvivu wako. Ukija, leta akamwani ya watu wanne. Na ukifika mlangoni, nyoosha kiganja kwanza Kemi akukaribishe. Maksi utauliza baadaye.

Mama yako