Kidonge cha Mama na Mgeni Wake

Bukiriro, 5 Machi 1995

Mwanangu Clotilda,

Umeamkaje huko Mwanza? Chuo cha uuguzi hakijakukondesha? Sisi tupo, ila mimi baridi haijanitoka. Navaa sweta mbili juani, baba yako ananicheka, eti nimenenepa kama mke wa diwani. Dawa ya tezi ya shingoni nameza kila asubuhi, lakini daktari amepima akasema presha bado iko juu, mafuta kwenye damu hayajashuka, mishipa inaumia. Bibi yako alianza hivihivi mpaka akapooza. Niambie ukweli, mwanangu.

Mama yako Adelfina

Mwanza, 19 Machi 1995

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Tezi ikilegea, mwili wote unalegea, mafuta yanazidi kwenye damu na mishipa inakakamaa. Dawa ingekuwa imeshaonyesha kitu. Unameza kidonge kizima, kabla ya chai? Usinifiche.

Mwanao Clotilda

Bukiriro, 2 Aprili 1995

Mwanangu, marahaba.

Nameza nusu. Nusu nyingine nampa Niragira, yule mama aliyekimbia Burundi, tunayeishi naye. Shingo yake imevimba kuliko yangu. Nimeze dawa, yeye ananiangalia tu? Wewe nilikulea hivyo? Ila naye hapati nafuu. Anakonda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio. Nahofu atanifia mikononi.

Mama

Mwanza, 11 Aprili 1995

Mama, shikamoo.

Dawa si maharage. Kipimo chako kilitoka kwenye damu yako. Tezi yake inaelekea haijalegea, inakimbia kupita kiasi, na wewe unaongeza kuni motoni. Usimpe tena hata chembe. Mpeleke hospitali ya kambi ya wakimbizi sasa hivi, umwambie daktari kila kitu.

Clotilda

Bukiriro, 25 Juni 1995

Mwanangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kimya changu. Niliona aibu, halafu nikakosa nafasi, maana Niragira alilazwa na mimi ndiye niliyempelekea uji. Daktari alinigombeza kidogo. Tezi ya Niragira ilikuwa inakimbia, kama ulivyosema. Amepewa dawa yake, moyo umetulia, amerudi, na jana amemjibu baba yako utani.

Asubuhi tunakaa jikoni na kikombe kimoja cha maji. Yeye anameza vidonge vyake, mimi changu kizima. Presha yangu imeanza kushuka, na juani nimevua sweta moja.

Hiyo nimempa Niragira, maana sasa naye anasikia baridi kama watu wengine. Daktari hajakataza.

Mama yako Adelfina