Shati la Isale na Sweta za Kibosho

Jumatano, 9 Julai
Lebo tena. Mia mbili kabla ya saa nane. Sindano mbili zimekatika, ya pili imenichoma kidole. Lebo inakaa ndani ya kola, maneno yatazame juu: "Sehemu ya mauzo ya nguo hii inamnunulia sweta mtoto wa Kilimanjaro." Nayashona maneno hayo tangu mwaka jana. Sweta sijaiona hata moja.

Kitambaa kipya kimefika leo hapa karakana, Pasua. Kijani, kimejaa majani ya isale. Dada Neema, mwenye kampuni, aliyaona kwenye bustani ya hoteli Marangu, akayapiga picha, akaagiza yachapwe kwenye kitambaa. Yeye ni mtu wa Dar. Sisi mafundi watatu, Wachaga wote, tumetazamana tukacheka. Isale ndiyo tunayopanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ndilo jani unalompelekea mtu uliyemkosea. Likishafika mlangoni kwake hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Sasa watalii watatembea mjini wakiomba radhi kifua na mgongo.

Sikumwambia Neema. Nilidhani anajua. Hapana, si kweli. Nilikuwa na hasira naye, nikaona acha aumbuke.

Ijumaa, 11 Julai
Baridi. Hapa Rau tu, chini mjini, nimeamka nikavaa koti juu ya kanga. Kibosho kwetu, huko juu mlimani, sijui wakoje.

Mama amepiga simu. Kwenye jumuiya wazazi wameuliza sweta tena. Mama Agripina, jirani yetu, anauliza kila wiki. Wanauliza habari zangu mimi, si za Neema, na ni haki yao. Shule ni ile niliyosoma. Jina lake nilimpa Neema mimi. Na Septemba mwaka jana ni mimi niliyesimama uwanjani na futi shingoni, nikapima watoto tisini na sita, chekechea na darasa la kwanza. Kifua, mgongo, mkono. Kila mmoja nilimwambia kwa mdomo wangu: kabla ya baridi. Mpiga picha akapiga. Picha zimetundikwa dukani mjini, kubwa, zinauza nguo.

Tangu Pasaka sijapanda nyumbani. Namwambia Mama kazi nyingi. Naona aibu, basi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemuuliza Neema uso kwa uso. Amesema sweta ziko kwenye mchakato. Nikamwambia anionyeshe huo mchakato niupige pindo. Hakucheka. Akasema kuna kodi ya duka, kuna mpiga picha, kuna kusafirisha, halafu kwenye lebo tuliandika "sehemu", hatukusema sehemu gani.

Neno dogo hilo. Nimelishona mpaka vidole vimeota sugu.

Hana roho mbaya. Mshahara analipa kwa wakati, mtoto wa fundi akiumwa anampeleka hospitali kwa gari lake. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mwizi wa wazi ningejua namna ya kumchukia.

Anataka picha mpya za watoto, wakiwa kwenye baridi. Anasema ndiyo msimu wake. Kwanza atampelekea mwalimu mkuu zawadi, kulainisha mambo.

Jumatano, 16 Julai
Zawadi yenyewe: shati la isale. Nimelishona jana, saizi kubwa, sikujua ni la nani. Asubuhi nimeliona limefungwa utepe, mzee Kalisti dereva analiweka kiti cha mbele. Nilifungua mdomo. Gari likaondoka.

Ijumaa, 18 Julai
Mama kapiga simu ana furaha hata maneno yanamkwama. Bosi wangu ameomba msamaha.

Kwa utaratibu kamili, anasema. Hakuja mwenyewe mikono mitupu, ametuma mtu mzima. Mzee Kalisti ameketi, amesalimiana na watu, ametoa mzigo kwa mikono miwili, akasema bosi anawasalimu na anaomba mumpokee. Ndivyo asemavyo mzee Kalisti kila anapopeleka mzigo, hata wa vifungo. Mwalimu mkuu kafungua, kakuta isale, tena si jani moja, shati zima. Ameita kamati ya wazazi. Wamekaa, wamekubaliana. Jumapili inatangazwa: mambo ya sweta yameisha, mtu asiyaguse tena.

Yameisha! Wamesamehe kitu ambacho hakuna aliyekiombea msamaha. Na watoto watatetemeka kwa heshima zote.

Jumamosi, 19 Julai
Sikufanya lolote la maana. Nimefua, nimeacha ugali ukaungua.

Nikisema shati lile ni shati tu, wazee wa watu watakuwa wamechekwa, na mimi kazi sina. Nikinyamaza, sweta zimekufa, maana aliyesamehe hadai. Na yote yametokana na mimi kufunga mdomo siku ile kitambaa kilipofika. Dakika moja ya kununa.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemwambia Neema kila kitu. Isale ni nini, shati limesema nini, kamati imejibu nini.

Amefurahi. Kweli kabisa, amepiga makofi. "Kwa hiyo hawana kinyongo tena? Dada Fausta, bahati iliyoje!"

Nimeweka mkasi chini kwanza, ndipo nikajibu. Nimemwambia kwao limeisha, kwake ndiyo linaanza. Kwetu aliyesamehewa kwa isale anawaendea mwenyewe waliomsamehe, anasimama mbele ya watu, na hakai tena na cha watu. Nadhani nilipaza sauti. Wenzangu walisimamisha cherehani zote mbili. Neema amenitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akasema sawa, Jumatano tutapanda. Na kamera.

Mpaka jioni nilikuwa nafumua kila mshono niliopiga. Sijui ni hasira au woga wa kufukuzwa. Vyote.

Jumatano, 23 Julai
Tumepanda. Ukungu umekaa juu ya migomba, barabara matope matupu, mzee Kalisti ametukana chini kwa chini njia nzima.

Mwalimu mkuu alikuwa amevaa lile shati. Mabega yamemkaa vizuri, nimeona hata katika hali ile. Wazazi wamejaa uwanjani, watoto wamepangwa mstari, wengine wamejitanda kanga za mama zao juu ya sare. Wanakohoa kwa zamu. Hakuna aliyenuna. Neema amepewa kiti cha mbele, ndizi, na pombe ya mbege kwenye kata. Nimewaamkia wazee, wameitikia, wamegeukia mgeni.

Mwalimu akasimama. Mtu mpole, anaongea kama anayesoma matangazo. "Mama, ulidanganya watoto wetu. Ukatuma isale. Tumekusamehe. Karibu nyumbani."

Makofi. Vigelegele.

Neema alikuwa ameanza kutabasamu tangu neno la kwanza. Tabasamu likabaki usoni, hajui aliweke wapi. Kamera haikutoka kwenye mkoba. Alisema asante, sauti haikufika mstari wa pili.

Gari likateremka mpaka lami. Ndipo akauliza kama nilijua kwamba wanamwona mwongo. Nikasema ndiyo. Tangu lini? Tangu baridi ilipoanza. Amegeuza uso dirishani. Nilimhurumia, na sikupenda kumhurumia.

Ijumaa, 25 Julai
Sijafukuzwa.

Picha zimeshushwa dukani. Lebo tusishone mpaka sweta zifike shuleni. Neema amekwenda mwenyewe kwa mama mmoja mfumaji hapa Pasua mwenye mashine mbili, ameagiza zote tisini na sita. Lakini mashine ni mbili. Arobaini zitatoka mwisho wa mwezi, zilizobaki mwisho wa Agosti. Mwalimu mkuu amechagua: waanze waliokuwa chekechea, ndio wadogo. Wale wa darasa la kwanza wa mwaka jana, sasa wako la pili, wangoje.

Mwisho wa Agosti jua litakuwa limerudi.

Neema ameniomba niandike barua kwa wazazi wa darasa la pili, yeye atie sahihi. Nimekataa. Nimemwambia wale nitawaendea kwa miguu.

Ijumaa, 1 Agosti
Sweta arobaini zimepanda leo. Bluu. Mikono imekazwa vizuri, yule mama anajua kazi yake. Sikwenda. Nilikuwa na oda ya magauni, na safari hii ni kweli.

Jumapili, 3 Agosti
Misa ya kwanza Kibosho. Nimekaa benchi la nyuma. Baada ya misa sikusubiri Mama, nimeteremka peke yangu hadi kwa Mama Agripina.

Alikuwa jikoni, anapika mtori wa ndizi. Agripina yuko darasa la pili, kwa hiyo hana sweta. Alikuwa karibu na moto na kikohozi chake. Sikupeleka kitu, si jani, si sukari. Niliona nikishika chochote nitajificha nyuma yake. Nimesimama mlangoni nikasema: aliyekuja na futi ni mimi, aliyesema kabla ya baridi ni mimi, na nilipoona haziji nilikaa mjini. Zamu yenu ni mwisho wa mwezi. Nisamehe.

Amekoroga muda mrefu. Neema alisamehewa kwa makofi. Mimi nimesikiliza mwiko.

Mama Agripina hakusema amenisamehe. Alisema mtori umekuwa mzito, nikachote maji nje kwenye pipa. Nikaenda kuchota.