Mashine ya Boti ya Mtani Wetu

Jumamosi, jioni. Jua la leo Tabora lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Wingu moja lilipita, likatutazama, likaenda zake. Bega la kulia linaniuma, na nina furaha.

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa sitalifikia.

Kaka yangu Masanja wa Urambo amechoka na tumbaku. Ameuza ng'ombe wake wote anunue mashine ya boti iliyotumika, avue samaki mto Ugalla. Mashine ikiwa mbovu, hana tumbaku, hana ng'ombe, hana samaki. Alitaka kutafuta fundi mwanaume aikague. Nikamwambia, fundi gani tena, na mpwa wako Kabula yupo? Binti yangu kasoma mitambo chuo cha ufundi, darasa zima wanaume, msichana yeye peke yake. Mimi niliishia la saba, lakini kichwa kile kimetoka humu tumboni mwangu. Masanja akakubali shingo upande.

Hapo ningenyamaza.

Badala yake, juzi nikampigia simu Bi Tausi, mke wa Mzee Kondo mwenye mashine. Nikamwambia kaeni chonjo, Jumamosi anakuja daktari wa mashine, hakuna ugonjwa utakaojificha kwake. Sikuwa na shida yoyote. Nilitaka tu asikie.

Mzee Kondo ni Mzaramo na sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu tangu mababu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anakutukana hata msibani, na huna ruhusa ya kununa. Tulipoingia uani kwake leo asubuhi, Kabula hajamaliza hata shikamoo, mzee kashaanza.

"Wapagazi hao! Mmekuja kununua au kubeba?"

"Tumekuja kukuzika, tumekuta bado unapumua," nikamjibu. Bi Tausi alicheka mpaka khanga ikamvuka begani.

Mashine ilikuwa imefungwa kwenye ubao, mguu wake ndani ya pipa la maji, inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Mzee akavuta kamba mara moja tu. Ikanguruma. Maji ya kupoozea yakaruka pembeni kama dume la ng'ombe linakojoa. Masanja akanitazama meno yote nje.

Nikapiga kigelegele. Ndiyo, nilipiga.

Kabula hakucheka. Kumbe wakati anaamkia, kiganja chake kilikuwa tayari juu ya mashine. "Babu, mbona ilikuwa ya moto kabla hujavuta? Naomba tuizime, ipoe kabisa, ndipo tuiwashe upya." Mashine iliyopashwa moto huwaka kirahisi, akamweleza mjomba wake, ubovu unajificha kwenye joto.

"Si mama yako kasema anakuja daktari?" mzee akasema. "Mgonjwa asioge?"

Wote wakanigeukia. Nikajifanya natafuta kiatu.

Tukasubiri mpaka adhuhuri. Bi Tausi akatuletea chai ya maziwa na matobolwa, viazi vyetu vile vikavu, pamoja na karanga. Masanja hakumeza kitu. Kila akimuuliza mzee habari za mashine, anajibiwa ni takataka, inafaa kufungia mbuzi. Akiuliza tena anaambiwa ni dhahabu tupu. Mtani ndivyo alivyo, huwezi kujua ukweli umekaa upande gani. Na mdomo wangu ndio uliomfanya aiogeshe mashine na kuipasha moto. Nikabaki na kikombe mkononi, chai inapoa.

Ilipopoa, Kabula akavuta kamba. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu. Ya nne ikawaka, naye akatikisa kichwa kukubali. Akaizima, akatoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, Masanja akavuta kamba. Pumzi ikakitupa kidole nje. Tundu la pili hivyohivyo; injini ina nguvu, akasema. Kisha akainama akafungua skrubu ya chini mguuni, palipo na oili ya gia.

Ikatoka imepauka, rangi ileile ya chai ya maziwa niliyokuwa nimeishika.

Hata mimi wa la saba nilijua oili haina maziwa.

Mwanangu akafuta mikono, akachuchumaa mbele ya mzee. "Babu, naomba sasa tuweke utani chini. Nauliza kama mjukuu wako."

Utani ukishawekwa chini, mtu hadanganyi. Mzee Kondo akavua kofia. "Mguu unakunywa maji tangu masika. Sili za kuzuia maji zimechoka. Huko juu ni nzima, mjukuu wangu, hilo naapa." Akaingia ndani, akarudi na sili mpya kwenye kopo la maziwa ya unga. Alizinunua zamani, akasema, lakini macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Akaziongeza sili bure, akapunguza bei kiasi cha ng'ombe mzima.

Masanja hakunitazama mimi. Alimgeukia Kabula. "Mama, tununue?"

"Tununue, mjomba. Sili nitafunga mwenyewe, na usiitie majini mpaka niseme."

"Sawa, fundi."

Fundi! Kwa mdomo wake mwenyewe!

Bajaji ilikataa kuingia kwenye mchanga wa uchochoro ule. Tukaifunga mashine kwenye mti, tukaubeba mabegani, Masanja mbele, mimi nyuma, Kabula pembeni akituelekeza. Mzee Kondo akatufuata mpaka barabarani akipiga makofi, "Si niliwaambia? Wapagazi hao!" Watu wakatoka kutuona. Sikuinamisha kichwa. Wapagazi, sawa, lakini mzigo huu tulijua una nini ndani.

Nimeapa sitamsifia tena Kabula kabla ya kazi. Ila kazi ya leo imeshaisha. Kesho kanisani, mtu akiniuliza bega lina nini, nitafanyaje?