Karatasi Ndani ya Koti la Daktari

Kimironko, Kigali
9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Asalaam aleykum. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Ujiji, mguu wako umepata nafuu na binamu Shakira amejifungua salama. Sisi tupo. Baba anaoshwa damu mara tatu kwa wiki na anarudi amechoka, lakini jana alikula wali na akaulizia habari zako. Mama hajambo, ila amekonda, na sababu unaijua.

Miezi mitano hujampigia Mama simu. Daktari alisema figo za kaka yako zimeharibiwa na majani ya umuravumba ambayo Mama alimchemshia kwa ajili ya kikohozi, nawe ukaamini. Ukoo mzima ukaamini. Sikukujibu kwa sababu niliuogopa mdomo wangu mwenyewe. Leo siuogopi.

Sikiliza basi. Siku moja kabla Baba hajazibuliwa mshipa wa moyo, walimtoa damu. Kirezi, binti wa maabara, alituambia kwamba damu ile ina viashiria vya kutisha: ile dawa ya rangi wanayopitisha mshipani ingemuumiza figo. Alishauri asubiri siku mbili na atundikiwe maji kwanza. Daktari Mugenzi, huyo huyo uliyemwamini, akaandika juu ya karatasi ya majibu, kwa mkono wake, "Nimeona. Tuendelee kesho," akatia sahihi. Wakati huo umuravumba ulikuwa bado uko shambani! Karatasi ilirudi nyumbani katikati ya picha za moyo, nikaiweka.

Mwezi wa nane bwana huyo huyo akaja kwangu sokoni kushonesha suti ya harusi. Hakunitambua, maana hospitalini hakuwahi kututazama usoni. Nilimpima kifua kwa hasira. Nilitaka aoe akiwa amebeba kosa lake. Nikaikunja karatasi ile, nikaishonea ndani ya bitana, upande wa kushoto, nikamkabidhi koti na pongezi juu.

Ujinga wangu ukanitokea puani. Mwezi uliopita kamati ya hospitali, ikijibu malalamiko yetu, ilituandikia kwamba daktari ameapa hakuwahi kuona majibu yoyote ya damu, na kwenye faili hayamo. Kama tuna karatasi, tuje nayo Alhamisi tarehe 13. Shangazi, karatasi ilikuwa kabatini kwake! Wiki tatu sikupata usingizi, na Mama sikumwambia.

Jumanne akaja daktari mwenyewe. Ndoa imemnenepesha.

"Dada, hii koti iko inanibana. Naitaka mbele ya Alhamisi ya tarehe 13, niko na mkutano."

"Mkutano ya nini, muganga?"

"Aah, kuna watu tu, wanasumbua."

Alipoondoka nilicheka mpaka Mutesi, mwenzangu wa cherehani ya pili, akadhani nimepata mchumba.

Nimelipanua ubavuni na kulipiga pasi. Nikibonyeza kifuani naisikia karatasi ikichakarika. Kuitoa ni kazi ya dakika mbili, lakini sikuitoa. Nataka aape tena, mbele ya Baba na Mama, akiwa amelivaa. Kisha nitasimama, nimwombe alivue, nami nitakuwa na mkasi wangu mdogo mkobani. Baba anasema tumwachie Mungu. Nimemwambia nitamwachia, kuanzia Ijumaa.

Nisalimie Shakira na mtoto, na Mzee Kaze, yeye peke yake aliyetuma pole kwa Mama. Mungu akupe afya na akulainishe moyo.

Alhamisi jioni Shakira atakuonyesha kwenye simu picha ya karatasi hiyo. Usinijibu mimi, Shangazi. Mpigie Mama, na uanze wewe kusema.

Wako akupendaye, hata hivyo,
Shami