Kanga Niliyomvalia Sefu Muuza Tembe

Mama yangu uliyenitangulia,

Nimeolewa, Mama. Mume wangu ni Athmani, yule uliyesema macho yake yana adabu. Kila asubuhi hunitilia asmini nyweleni kabla hajaenda kazini, nami hukaa dirishani nikimtazama mpaka apinde kona ya msikiti, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Natamani ungeniona. Hukuniona kwa sababu ya Sefu, na furaha yangu yote haijanisahaulisha.

Wakumbuka Ramadhani ile? Magoti yalikuvimba hata ukawa waswali kitini. Nilikushika mkono tukaenda dukani kwa Sefu, auzaye sukari huku na dawa kule. Akatoa kopo la tembe mpya za uvimbe na maumivu.

"Moja asubuhi, moja adhuhuri, moja usiku."

"Nimefunga, mwanangu."

"Basi zimeze zote tatu magharibi, mama. Dini si taabu."

Ukazimeza kila adhana ya magharibi, kwa tende moja na kahawa chungu, tumbo tupu tangu daku. Kichwa kilipokugonga ukaongeza aspirini, aliyokuuzia yeye yeye. Ulipomwambia tumbo lakuchoma na choo kimekuwa cheusi kama wino, alicheka. "Ni tende hizo. Wazipenda mno." Kicheko hicho bado nakisikia.

Hospitali, ulipokwisha kutapika damu, daktari aliniuliza mimi yale ambayo wewe hukuulizwa na mtu. Ulikuwa na vidonda vya tumbo? Ulikula kabla ya dawa? Nani alizichanganya tembe zile na aspirini, ilhali hata moja peke yake yaweza kulitoa tumbo damu? Akasema choo cheusi ni damu, na siku ile ile ungeacha dawa ukapelekwa kwake. Vidonda ulikuwa navyo tangu sijazaliwa. Mtaa wetu mzima wa Kibokoni wajua.

Basi nilipochumbiwa nikaenda Biashara Street kuagiza kanga za sare ya harusi. Shangazi alitaka maneno ya mahaba. Mimi nikaandikisha: MUUZA DAWA ASIYEULIZA HUUZA SANDA. Siku ya kunipeleka kwa mume, wanawake walipita mbele ya duka la Sefu wamejifunga kanga hiyo, wakasimama pale pale mlangoni na kuimba mpaka sauti zikawakauka. Alifunga duka mchana kweupe.

Fungate ilipokwisha alimjia Athmani barazani. "Bwana harusi, mwambie mkeo aivue ile kanga. Wateja wanihama."

"Kanga ni yake, Bwana Sefu. Mimi nimeoa tu."

Nyuma ya mlango nilimpenda upya.

Jana niliivaa, nikaenda kwa Sefu, Shangazi na majirani nyuma yangu. Nikaomba tembe za magoti. Akalishika kopo, asilifungue.

"Umekula?" akauliza. "Una vidonda vya tumbo? Watumia dawa nyingine, aspirini labda?"

"Uliza tena. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Akauliza tena, kwa sauti. Nikatoka bila kumjibu na bila kununua.

Watu waniambia sasa yatosha, bibi harusi hafai kuwa na kinyongo. Kesho nitakwenda tena.

Pumzika, Mama, na moyo wangu uko nawe.

Bintiyo, mke wa Athmani