Bosi Anataka Nimbunie Marehemu Pacha

Mpendwa Dada Opal, wewe unayejibu barua za wenye shida gazetini, naomba unishike mkono, maana katika bonde hili la San Fernando hakuna filamu ya watu wazima yenye kichwa na miguu ambayo mimi Duke Haggerty, niliyeishia darasa la nane, sikuitungia hadithi, mimi ndiye niliyewafundisha watengenezaji kwamba mwanamke hafungui mlango hivihivi, lazima awe anamngoja mtu mwingine, na wanaume wazima walilia sinemani Van Nuys wakasahau kilichowaleta.

Sasa watu wanatazama kanda za video nyumbani, wanaruka hadithi, na bosi wangu Lenny Kasparian ananitaka kwa kazi moja tu. Colleen Wojcik, mwigizaji wetu bora, mwanamke wa miaka thelathini na minne, alijitoa uhai mwezi Machi. Lenny ana vipande vya filamu alizoigiza kabatini ambavyo havijaonyeshwa, na desturi yetu ni kuviunga vipande vya zamani kwa hadithi mpya.

"Mjomba, mpe pacha," akaniambia. "Mwigizaji mwingine tutamvisha gauni lake la bluu na wigi, tumpige picha kwa nyuma."

"Lenny, mama yake alikusihi makaburini umwache mwanawe apumzike."

"Niliitikia kwa kichwa tu, sikuahidi kitu. Na wewe usijifanye padri, nani mwingine atakulisha?"

Kweli hakuna. Nusu nimeshaandika, na ni nzuri, Dada, pacha anamtafuta mwenzake nyumba hadi nyumba. Nikikataa nimekwisha, nikikubali nitamtazamaje mama yule ninayekutana naye kila Jumapili kwenye duka la donati? Na jambo dogo ambalo sijamwambia mtu: filamu zangu zote sijawahi kuzitazama hadi mwisho. Nguo zikianza kuvuliwa, natoka kununua bisi.

Duke, Reseda

*

Duke, pole kwa msiba. Lakini usinizungushe: unaomba ushauri na nusu umeshaandika? Bila wewe Lenny ana vipande tu. Ukimwandikia, ana filamu. Colleen alipokuwa hai aliweza kusema hiki sitaki; sasa hawezi. Zichane kurasa hizo leo, kabla hujazisoma tena ukazipenda. Jumapili kaa na mama yake, mwambie kwa kinywa chako kilichomo kabatini, umpeleke kwa wakili. Lenny atakufukuza, ndiyo. Basi kauze bisi. Njia ya kaunta unaijua.