Sababu Gani Hiyo!

Jumamosi, 6 Julai 2024
Tumeangalia tena tamthilia ya upelelezi kwa shemeji Dadi, kaka wa mume wangu. Ya Kizungu, ya zamani, imetiwa sauti ya Kiswahili. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma! Bibi mtu mzima kamtilia jirani sumu. Kisa? Jirani alimshinda mashindano ya maua. Miaka na miaka kaiweka moyoni! Sababu gani hiyo? Tena kijiji chenyewe kidogo kuliko Kiranjeranje yetu, kila wiki maiti, na hakuna anayehama. Mwishoni mpelelezi kawakusanya wote sebuleni, na muuaji kakiri mwenyewe, kikombe cha chai mkononi. Si angenyamaza tu? Dadi kanuna. Ati Sauda unaniharibia utamu. Mume wangu Shamte hakucheka.

Jumatatu, 8 Julai
Pampu ya Dadi ya kupulizia mikorosho imeibiwa! Na mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga umeshaanza kuyashika. Bila dawa msimu wote umekwenda. Mlango wa stoo haukuvunjwa. Basi Dadi kageuka mpelelezi — nani mwenye ufunguo, nani anafaidika? Kamshika Bakary, kibarua wake kutoka Kitomanga. Bakary analia, anaapa. Shamte naye kaulizwa. Kashika msahafu mbele ya watu, kaapa hajui. Dadi kasema huyu ni mdogo wangu, hana sababu.

Jumanne, 9 Julai
Nimepanda darini jikoni kwetu kutoa mahindi. Pampu iko pale, nyuma ya vikapu.
Nimeshuka. Mahindi sikuyatoa.

Jumatano, 10 Julai
Nimemuuliza Shamte. Kasema: siku ya hitima ya baba, Dadi aliposimama kushukuru watu alimtaja kila mtu, mpaka aliyetuazima masufuria. Mimi hakunitaja. Mimi niliyeingia kaburini kumlaza baba!
Ndiyo hiyo tu? Ndiyo hiyo tu.
Nilitaka kucheka, yakatoka machozi. Nimemwambia kesho mapema naipeleka mwenyewe, nitasema nimeiokota njia ya shambani.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepanda — haipo! Kaitumbukiza chooni. Ati kaogopa. Mpumbavu huyu, na ninampenda.
Na Dadi kaita masheikh. Kesho baada ya sala ya Ijumaa inasomwa Albadiri, kisomo cha kumlaani mwizi. Marehemu bibi alikuwa akisema aliyesomewa huvimba tumbo, na akiendelea kuficha hufa. Mimi naamini. Shamte anaamini kuliko mimi! Na mwanamume asiyehudhuria ndiye mwizi, kwa hiyo hata kukimbia haiwezekani. Bakary kasema nisomeeni hata leo.
Nimempigia Shamte magoti aende kwa kaka yake. Ati nitaanzia wapi, Sauda? Niliapa. Na sababu yenyewe watanicheka. Nikasema basi nitasema mimi. Kasema siku hiyo na talaka yako uchukue.
Nikisema, ndoa imekwisha. Nikinyamaza, nitamzika. Sijui nifanye nini. Sijui kabisa.

Ijumaa, 12 Julai
Wamejaa barazani kwa Dadi. Mimi niko chumbani kwetu, dirisha linatazama kule kule. Ubani umeingia mpaka kwenye khanga. Wamekusanywa wote, vilevile kama kwenye tamthilia. Na mimi nilicheka!
Shamte yuko mbele, kwenye kanzu niliyomfulia jana. Dadi kasimama. Kabla ya kisomo anashukuru watu. Kwanza kabisa, kasema, namshukuru mdogo wangu Shamte. Huyu ndiye aliyemlaza baba kaburini kwa mikono yake, na leo kasimama nami.
Jina lake! La kwanza kabisa!
Shamte kainamisha kichwa. Sema sasa, mume wangu. Sema! Wale wa kwenye TV mbona wanasema kirahisi?
Hajasema. Bakary kakaa pembeni, anamwangalia sheikh. Wameanza. Sheikh kaomba mwizi asipate usingizi, asipate afya, mpaka atubu au afukiwe. Watu wote wameitikia amina. Sauti ya mume wangu naijua. Ndiyo iliyokuwa ya juu kuliko zote.